Namna Chembe za Fahamu Zinavyopashana Habari

Msomaji, ukikanyaga mwiba njiani, mguu wako huinuka kabla hujapata wasaa wa kutamka neno lolote. Habari ya mwiba imetoka unyayoni, imepanda hadi uti wa mgongo, na amri ya kuuinua mguu imekwisha kurudi chini. Ni kitu gani kilichoipeleka habari hiyo? Na pale mshipa mmoja wa fahamu unapokoma na mwingine kuanza, habari huvukaje? Maswali haya mawili yaliwashughulisha wataalamu wa Ulaya kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Yaliwagombanisha marafiki, na majibu yake yalipatikana kwa vitu ambavyo pengine hukuvitarajia: miguu ya vyura, chumvi ya fedha, ngisi wa baharini, ruba wa kinamasini, na sumu mbili za Afrika. Insha hii yakusudia kukueleza jinsi ilivyokuwa.

Wazee wa zamani hawakukosa jibu. Galen, tabibu Mgiriki aliyeishi katika karne ya pili baada ya kuzaliwa Kristo, alifundisha kwamba ubongo hutengeneza roho nyembamba mfano wa upepo, na kwamba roho hiyo hupita katika mishipa ya fahamu kuvifikia viungo. Ibn Sina naye, katika kitabu chake kikuu cha tiba, aliifuata njia hiyo hiyo. Mafundisho haya yalidumu kwa karne nyingi, si kwa kuwa watu walikuwa wajinga, bali kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kuyapima. Jambo lisilopimika huaminiwa kwa heshima ya aliyelisema.

Chombo cha kwanza kilikuwa mguu wa chura. Luigi Galvani, mwalimu wa tiba katika mji wa Bologna nchini Italia, aliona kwamba mguu wa chura aliyekwisha kufa huruka iwapo mshipa wake wa fahamu umefikiwa na cheche ya mashine ya umeme, au umeguswa kwa metali mbili zilizounganishwa. Mwaka 1791 alichapisha maoni yake: kiumbe ana umeme wake mwenyewe, na huo ndio unaoitembeza misuli. Mwenzake Alessandro Volta, wa mji wa Pavia, alipinga. Alisema umeme ule ulitoka katika zile metali mbili, na chura alikuwa kipimo tu. Ili kuthibitisha neno lake, Volta alipanga visahani vya metali mbili mbalimbali, akatia baina yake vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, na mwaka 1800 akautangazia ulimwengu betri ya kwanza. Ajabu ni kwamba wote wawili walishinda. Metali hutoa umeme kama alivyonena Volta, na mshipa wa fahamu una umeme kama alivyonena Galvani. Kila mmoja alikuwa ameshika nusu ya kweli na kumkatalia mwenziwe nusu ya pili.

Kama habari ni umeme, basi je, huenda kwa kasi gani? Johannes Müller, mtaalamu mkuu wa viumbe huko Ujerumani, alidhani kasi hiyo ni kubwa mno hata haitapata kupimwa kamwe. Mwanafunzi wake Hermann von Helmholtz aliipima mwaka 1850. Njia yake ilikuwa nyepesi kuielewa, ingawa ilitaka mikono mitulivu. Alichukua msuli wa chura pamoja na mshipa wake mrefu wa fahamu. Kwanza aliushtua mshipa kwa umeme mahali palipo karibu na msuli, akapima muda uliopita hadi msuli kujikunja. Kisha akaushtua mahali palipo mbali, akapima tena. Tofauti ya nyakati hizo mbili ndiyo muda ambao habari ilitumia kuusafiri umbali ulioongezeka. Hesabu ikatoa karibu mita 27 kwa sekunde, yaani kasi ya gari liendalo kwa haraka katika barabara kuu. Umeme wa waya hukimbia kuliko hivyo mara nyingi mno. Kwa hiyo ilidhihirika kwamba mshipa wa fahamu si waya wa simu. Una umeme, lakini umeme huo huendeshwa kwa namna nyingine.

Hapo palihitajika macho. Hadubini zilikuwepo, lakini kipande cha ubongo kikitazamwa kwa hadubini kilionekana kama kichaka kilichosongamana, matawi juu ya matawi, asiweze mtu kusema tawi hili ni la mti upi. Mwaka 1873 Camillo Golgi, tabibu katika hospitali ya wagonjwa wasiopona huko Abbiategrasso, nchini Italia, alitoa habari ya dawa mpya ya kutia rangi. Kazi aliifanyia jikoni, mahali alipopageuza kuwa maabara yake. Aliloweka vipande vya ubongo katika dawa iitwayo potasiamu daikrometi, kisha katika chumvi ya fedha. Chembe chache tu zikawa nyeusi tititi, toka shina hadi ncha ya tawi la mwisho, na zote zilizobaki hazikuonekana kabisa. Hata leo ni vigumu kueleza kwa nini dawa hiyo huzichagua chache na kuziacha nyingi. Lakini faida yake ni wazi: katika msitu mzima, miti michache ilipakwa wino, na mtazamaji akaweza kuifuata.

Golgi alipoitazama picha ile alisema matawi yote yameungana, na kwamba mwili una wavu mmoja usiokatika. Mhispania Santiago Ramón y Cajal alijifunza dawa hiyo mwaka 1887, akaitengeneza vizuri zaidi, na kuanzia mwaka 1888 akaitumia kwa ubongo wa wanyama wachanga na vifaranga ambao hawajaanguliwa, kwa kuwa kichaka chao bado ni chepesi. Yeye aliona jambo jingine. Kila chembe ya fahamu, ile ambayo vitabu vya leo huiita seli ya neva, imesimama peke yake. Matawi hukaribiana sana, lakini hayaungani. Mwaka 1906 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja mjini Stockholm, na Golgi katika hotuba yake aliyapinga mafundisho ambayo mwenziwe alikuwa ameyajenga kwa dawa yake mwenyewe. Golgi ndiye aliyeleta taa. Cajal ndiye aliyeona vizuri kwa mwanga wake.

Ikiwa chembe haziungani, basi kuna mpaka baina yake. Mwaka 1897 Mwingereza Charles Sherrington alikuwa amekwisha kuupa mpaka huo jina la sinapsi. Hakuwa ameuona, aliujua kwa kupima nyakati, maana habari inayovuka mpaka huchelewa kidogo. Nafasi yenyewe ilionekana kwa macho katika miaka ya 1950, kwa hadubini itumiayo elektroni, nayo ikapimwa karibu sehemu 20 za milioni moja za milimita. Ni nafasi ndogo kupita kadiri ya akili, lakini swali lililojificha humo lilikuwa kubwa: habari huvukaje? Wako waliosema huruka kama cheche ya umeme. Wengine wakasema la, chembe ya kwanza humwaga dawa, na dawa hiyo ndiyo iiamshayo chembe ya pili. Wataalamu wakagawanyika makundi mawili, na kwa mzaha wakaitwa watu wa cheche na watu wa mchuzi.

Otto Loewi alikuwa mwalimu wa elimu ya madawa katika chuo kikuu cha Graz, nchini Austria. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba jaribio lake lilimjia usingizini. Usiku wa kwanza aliamka, akaandika maneno machache juu ya kikaratasi, akalala tena. Asubuhi hakuweza kuyasoma maandishi yake. Usiku wa pili ndoto ikarudi, na safari hii hakungoja mapambazuko, bali aliondoka akaenda maabara papo hapo. Matokeo ya kazi yake aliyachapisha mwaka 1921.

Sikiliza alivyofanya, kwa maana ni jaribio ambalo mtu aweza kulielewa hata asiye na mashine yoyote. Alichukua mioyo miwili ya vyura, nayo moyo wa chura huendelea kupiga kwa muda hata ukitolewa, mradi uwe katika maji ya chumvi yaliyopimwa sawasawa. Moyo wa kwanza aliuacha na mshipa wake wa fahamu uitwao vegasi, ambao kazi yake ni kuupunguzia moyo mwendo. Moyo wa pili haukutegemea mshipa wowote. Aliushtua mshipa wa moyo wa kwanza kwa umeme, na moyo ukapiga polepole kama ilivyotazamiwa. Kisha aliyachukua maji yaliyokuwa ndani ya moyo huo, akayatia katika moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukapiga polepole. Hakuna mshipa wake ulioguswa. Hakuna umeme uliopelekwa kwake. Kilichoufikia ni maji tu. Basi ndani ya maji mlikuwamo kitu, na kitu hicho kilimwagwa na mshipa wa fahamu. Baadaye kilitambulikana kuwa asetilikolini, dawa ambayo Henry Dale wa London alikuwa amekwisha kuichunguza tangu mwaka 1914.

Watu wa cheche hawakusalimu amri mara moja, wala hawakupaswa. Jaribio la Loewi lilikuwa gumu kulirudia, na wengine walilijaribu wasifaulu. Sababu moja ni kwamba asetilikolini haikawii: mara imwagwapo, mwili huivunja upesi mno. Ilihitajika njia ya kuizuia isivunjwe, na njia hiyo ilitoka Afrika ya Magharibi.

Katika nchi ya Calabar, ambayo sasa ni sehemu ya Nigeria, palikuwa na haragwe lililotumiwa kwa kiapo. Mtu aliyeshtakiwa kwa uchawi alipewa maji yake anywe. Akitapika na kupona alihesabiwa hana hatia, akifa alihesabiwa ndiye. Nasi Afrika ya Mashariki tumepata kusikia habari za viapo vya sumu, na hatuna haja ya kuvisifu. Haragwe hilo lilipelekwa Ulaya, na mnamo mwaka 1864 wakemia wakaitoa sumu yake halisi, ambayo huitwa eserini au fisostigmini. Mwaka 1926 Loewi na mwenziwe Navratil walionyesha namna sumu hiyo ifanyavyo kazi: huifunga mikono ile chachu ya mwili inayovunja asetilikolini. Sumu iliyokuwa ikiwaua watu wasio na hakika ya kosa ikawa chombo cha kushika kitu kisichoshikika.

Chombo cha pili kilikuwa ruba. Msuli wa ruba ukilowekwa katika eserini hujikunja kwa kiasi kidogo sana cha asetilikolini, kiasi ambacho mizani za wakemia wa siku zile hazikuweza kukitambua. Mtu aliyeijua vizuri njia hiyo alikuwa Wilhelm Feldberg wa Berlin. Mwaka 1933 alifukuzwa kazini kwa sababu moja tu, kwamba alikuwa Myahudi. Dale akamkaribisha London, naye akaja na maarifa yake ya ruba. Mwaka 1936 Dale, Feldberg na Marthe Vogt walithibitisha kwamba mishipa inayoamuru misuli ya mwili humwaga asetilikolini. Wakati huo faida ilikuwa imekwisha kuwafikia wagonjwa. Mwaka 1934 daktari mmoja wa London, Mary Walker, alimdunga fisostigmini mgonjwa ambaye misuli yake ilikuwa imelegea asiweze kuinua vyema hata kope, na nguvu zikamrudia kwa saa kadhaa. Madawa ya jamii hiyo yanatumika mpaka leo kwa ugonjwa huo.

Loewi na Dale walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Machi mwaka 1938, majeshi ya Hitler yaliingia Austria. Loewi, naye Myahudi, alikamatwa usiku akatiwa gerezani, mzee wa miaka 64. Alidhani atauawa, na hofu yake moja kubwa ilikuwa kwamba matokeo ya majaribio yake ya mwisho yatakufa pamoja naye. Aliomba kalamu na kadi ya posta, akayaandika kwa ufupi na kuyapeleka kwa gazeti la sayansi. Ndipo moyo wake ulipotulia. Aliachiliwa kwa sharti la kuihamisha fedha ya tuzo yake kutoka benki ya Stockholm na kuitia mikononi mwa watawala hao. Alitoka nchini mwake bila mali, akapita Ubelgiji na Uingereza, akafika Marekani mwaka 1940, na huko akafundisha hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1961. Fedha ilinyang'anywa, lakini ile kadi ya posta haikunyang'anywa na mtu.

Wakati huo swali la kwanza, la habari kusafiri ndani ya mshipa wenyewe, lilikuwa likingoja mnyama wa kufaa. Nyuzi za mishipa yetu ya fahamu ni nyembamba mno. Nyingi hazifiki sehemu moja ya hamsini ya milimita. Lakini ngisi, ambaye watu wa pwani humjua vema, ana uzi mmoja mnene uliojaa unene wa milimita nzima au karibu yake, uliowekwa na Muumba ili amrushe kwa ghafula aonapo hatari. Mwingereza J. Z. Young aliwaonyesha wataalamu uzi huo mwaka 1936. Mwaka 1939, katika maabara ya bahari huko Plymouth, Alan Hodgkin na Andrew Huxley walipenyeza mrija mwembamba wa kioo ndani ya uzi huo na kupima umeme wake kutoka ndani. Majuma machache baadaye vita ikaanza, nao wakaitwa kwa kazi nyingine kwa miaka mingi.

Walipoirudia kazi walitumia njia iliyoanzishwa na Mmarekani Kenneth Cole ya kuushikilia umeme wa chembe usibadilike, ili kupima ni mkondo gani unaopita. Mwaka 1952 walichapisha majibu yao. Ndani ya mshipa uliotulia pana umeme hasi wa kadiri ya sehemu 60 au 70 za elfu moja ya volti ukilinganisha na nje. Habari ipitapo, milango midogo ya ukuta wa chembe hufunguka, na sodiamu, ambayo iko nyingi nje, huingia kwa kishindo. Kisha milango mingine hufunguka na potasiamu hutoka. Kila kipande huamsha kipande kilicho mbele yake, mithili ya moto utembeao katika majani makavu. Ndiyo sababu mwendo wake si wa waya, kama Helmholtz alivyogundua miaka mia moja kabla. Hesabu za habari hiyo Huxley alizifanya kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono.

Utauliza, na ni haki yako kuuliza: sodiamu ikiingia daima, mbona mshipa haujai? Lazima liwepo bomba la kuitoa. Mwaka 1957 Jens Skou wa Aarhus, nchini Denmark, alikipata kitu cha namna hiyo katika mishipa ya fahamu ya kaa, ila hakuwa na hakika kama ndicho bomba lenyewe. Mwaka uliofuata, katika mkutano mjini Vienna, Mmarekani Robert Post alimwuliza kama kitu hicho huzuiwa na wabaini. Skou hakupata kusikia jina hilo. Alipiga simu maabara kwake ili ijaribiwe, na jibu likawa ndiyo. Basi wabaini ni nini? Ni sumu ya mishale. Jina lake limetokana na lugha ya Kisomali, na hupatikana katika miti ambayo Wakamba, Wagiriama na Wawata wa nchi yetu waliichemsha tangu kale ili kupaka mishale ya kuwindia. Mwindaji aliyeketi kando ya chungu chake alijua kwamba sumu yake husimamisha moyo wa mnyama. Kwa elimu ya leo twajua kwamba huyasimamisha mabomba ya chembe. Skou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Turudi kwenye ugomvi wa cheche na mchuzi. Baada ya vita, watu wa cheche walikuwa wamekubali habari ya moyo na misuli, lakini walikataa katakata kwamba ndani ya ubongo na uti wa mgongo mna mambo ya dawa. Jemadari wao alikuwa John Eccles, Mwaustralia, mwanafunzi wa Sherrington, aliyekuwa akifundisha Dunedin, nchini New Zealand. Hapo alikutana na mwanafalsafa Karl Popper, ambaye alimfundisha jambo moja: nadharia njema ni ile iliyosemwa waziwazi hata iweze kushindwa. Eccles akaisema yake waziwazi. Akatabiri kwamba pale chembe moja inapoizuia nyingine isifanye kazi, umeme wa ndani utabadilika kwa upande fulani.

Mwezi wa Agosti mwaka 1951 yeye na wenzake Brock na Coombs walichomeka sindano ya kioo, iliyojaa maji ya chumvi na yenye ncha nyembamba isiyoonekana kwa macho, ndani ya chembe moja hai ya uti wa mgongo wa paka. Wakaishtua mishipa inayozuia. Mstari wa chombo chao ukaenda upande ulio kinyume cha utabiri: ndani ya chembe pakazidi kuwa hasi. Cheche haingeweza kufanya hivyo, dawa ingeweza. Eccles hakulaumu chombo wala hakulificha jambo. Alitangaza mwaka 1952 kwamba alichokipigania kwa miaka mingi hakikuwa kweli, akahamia upande wa Dale. Ukweli ukidhihiri uongo hujitenga, lakini si kila mtu huufungulia mlango. Mwaka 1963 alishiriki Tuzo ya Nobel pamoja na Hodgkin na Huxley.

Yaliyofuata yaliendelea kupunguza ukubwa wa kitu kilichopimwa. Bernard Katz, aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1935, aligundua pamoja na Paul Fatt kwamba dawa haimwagwi kama maji ya mtungi, bali hutolewa kwa vifurushi vilivyo sawasawa, kila kimoja na kipimo chake. Na hadubini za elektroni zikaonyesha vifuko vidogo vilivyopangwa kwenye ncha ya mshipa. Mwaka 1976 Erwin Neher na Bert Sakmann wa Göttingen, nchini Ujerumani, walichukua mrija wa kioo wenye mdomo wa kadiri ya sehemu moja ya elfu ya milimita, wakaubana juu ya ukuta wa chembe, na kwa mara ya kwanza wakaona mkondo wa mlango mmoja, ukifunguka na kufungwa. Walituzwa mwaka 1991. Na watu wa cheche je? Hawakuwa wamekosa kila kitu. Mwaka 1959 Furshpan na Potter walionyesha kwamba katika kamba wa maji baridi ziko sinapsi ambazo umeme huzivuka moja kwa moja, na leo yajulikana kwamba ziko pia katika ubongo wetu, ingawa nyingi zaidi ni za dawa.

Pengine wasema: haya yanihusu nini mimi niliye darasani Kenya? Yanakuhusu kwa jina la mwenzako mwenye kifafa. Kila shule kubwa yaweza kuwa na mmoja. Siku aangukapo, wako wanaokimbia, wako wanaosema ana pepo au amelaaniwa, na wako wasiotaka kumgusa wakidhani mapovu yake huambukiza. Wazazi wengine humtoa shuleni kwa aibu. Sasa wewe umekwisha kusoma yaliyo kweli. Katika ubongo wake, kwa muda mfupi, chembe nyingi mno zimepashana habari kwa pamoja pasipo kuzuiana. Ile kazi ya kuzuia, ambayo Eccles aliiona katika ncha ya sindano yake, imezidiwa nguvu. Dawa ya fenobabitoni, iliyoanza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912 na ingali ikitumiwa katika hospitali nyingi, hufanya kazi yake kwa kuitia nguvu dawa ya asili ya ubongo inayozuia. Wengi wakimeza dawa zao kila siku kama walivyoagizwa na daktari hukaa bila kuanguka.

Basi mwenzako akianguka, usikimbie. Ondoa mawe na moto vilivyo karibu naye. Mtie kitu laini chini ya kichwa, legeza ukosi wake, na mtikiso ukipungua mlaze ubavu ili mate yatoke. Usimpenyeze kijiko wala kijiti baina ya meno, wala usimshikilie kwa nguvu. Hesabu dakika; zikipita tano, apelekwe hospitali upesi. Akiamka akiwa hana fahamu kamili, mwambie kwa upole yuko wapi na yuko na nani, maana hakumbuki. Wenzake wakianza kunong'ona habari za mashetani, waeleze habari za chura, za ngisi na za ruba. Na wasipokuamini, waonyeshe ukurasa huu.